Mwaka Tuliouita Kozi ya Ushonaji

Wasifu wa marehemu huwa nausikiliza kwa sikio la mwalimu. Miaka thelathini ya kusahihisha insha za watoto imeniharibu. Mtu akisoma msibani, mimi nasahihisha kimoyomoyo. Siku tuliyomzika Tumpe, pale Ilomba, Mbeya, mzee wa kanisa alisimama chini ya turubai, akavaa miwani yake, akaanza: marehemu alizaliwa, alibatizwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto watatu. Hapo katikati, baada ya kusoma na kabla ya kuolewa, akasema, "Mwaka wa sabini na tano marehemu alikwenda Iringa kwa kozi ya ushonaji." Wanawake niliokaa nao mkekani wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikaziba mdomo kwa kitenge, wakadhani nalia. Tumpe hakuwahi kushona hata kifungo cha shati. Kozi hiyo haikuwapo. Niliitunga mimi mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, tumekaa juu ya masanduku yetu nje ya geti la hospitali, na nilipomaliza kuitunga nikaona ni uongo mzuri, kwa sababu hakuna mwanamume atakayetaka kujua zaidi habari za cherehani. Baadaye Tumpe aliniapisha nisiufichue kamwe. Niliapa, na kiapo hicho nilikitunza kuliko hata cha ndoa yangu.

Sasa nasema. Mwaka ule mimi Subilaga na Tumpe tulikuwa wagonjwa wa akili. Miezi mitano tulikuwa wodini. Miezi iliyobaki tuliishi mjini Iringa tukijifanya hatujawahi kuwa wodini, na hiyo ndiyo iliyotuchosha zaidi. Habari za wazazi wangu na ukoo wangu naziruka kwa makusudi. Kila ninapoanza nao, msikilizaji huacha kunisikiliza mimi akaanza kutafuta nani alirogwa, nani alilaaniwa, shangazi yupi alikuwa hivyohivyo. Waliniombea, walinitumia maharage, yatosha. Na kama kuna anayejiuliza nimepewa ruhusa na nani kumtaja marehemu kwa ugonjwa wake, avute subira. Aliyeniruhusu yumo humuhumu, mwishoni kabisa.

Nilikuwa chuo cha ualimu, huko huko Iringa, mwaka wa kwanza. Nilianza kusikia mwanamke mzee akiniita kwa jina wakati wa vipindi, kwa sauti ya upole kabisa. Baada ya wiki mbili aliacha upole. Nilikaa siku nne bila kulala, na siku ya tano, katikati ya somo la jiografia, nikavua viatu, nikavipanga vizuri chini ya dawati, nikatoka nje na kuanza kutembea kwenda kwetu Rungwe, mwendo wa siku nyingi. Anayeijua njia ile anajua nilichokuwa nafanya. Walinikuta karibu na Ifunda, nyayo zimechanika, nikibishana na yule mwanamke. Nikapelekwa hospitali, kwenye jengo la mwisho kabisa, chini ya mteremko, ukishapita jikoni na kabla hujafika kwenye shamba la mahindi. Watu wa mjini waliliita wodi ya chini. Ukimwambia mtu wa Iringa kwamba fulani yuko wodi ya chini, hakukuuliza anaumwa nini.

Naikumbuka wodi ile kuliko nyumba nyingi nilizopanga baadaye. Vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe ikabanduka, blanketi za kijivu, sakafu inayonuka sabuni ya mche kila asubuhi, na dirisha lililotazama mahindi ambayo siku za upepo yalizungumza kuliko sisi. Tulikula ugali wa unga wa njano, ule uliokuja kwa meli mwaka wa njaa, na maharage yasiyoiva sawasawa. Kitanda cha jirani alilala Tumpe. Ugonjwa wake ulikuwa wa kimya: alikuwa ameacha kula, ameacha kusema, anautazama ukuta tu. Siku moja niligonga kidole cha mguu kwenye kitanda chake nikatukana kwa Kinyakyusa, tusi zito la mashambani, na yule binti ambaye hakuwa amesema neno kwa wiki tatu akageuza kichwa akasema, "Mwe! Na mama yako anakusikia?" Tukawa marafiki kuanzia hapo. Alikuwa mtu wa Mbeya mjini, mwenye shingo ndefu na majibu makali, na alipoanza kupona nikagundua ndiye mtu mwenye akili nyingi kuliko wote niliowahi kukaa nao chumba kimoja.

Dawa tulipewa na Nesi Filomena, Mbena mmoja mfupi mwenye kicheko kikubwa. Tulipanga foleni, kikombe cha maji kimoja, vidonge kwenye kifuniko cha chupa. Kwa kuwa wapo waliovificha shavuni na kwenda kuvitema mahindini, alikuwa na utaratibu wake. Ukishameza, unasimama wima, unafungua mdomo wazi kabisa, unainua ulimi, unaupeleka kushoto, unaupeleka kulia. "Haya, vimeshuka. Mwingine!" Asubuhi na jioni, miezi mitano. Mwanzoni niliona aibu, baadaye nikazoea, na mwishoni sikujua tena kama nafanya. Hakuwa mtu mbaya, Nesi Filomena, simsemi kwa ubaya. Siku ya kutoka alitufungia vidonge vya miezi mitatu kwenye karatasi, akatuambia tusiviache hata tukijiona wazima, na akatukumbatia mbele ya watu.

Nje ya geti ndipo tulipogundua kwamba hakuna kati yetu aliyetaka kwenda nyumbani. Chuo kilikuwa kimeniandikia nikapumzike hadi mwaka unaofuata, halafu niende kuonana na mkuu ndipo waamue. Tumpe alikuwa na mchumba Mbeya ambaye familia ilimwambia binti amesafiri. Tukakaa juu ya masanduku, nikatunga ile kozi ya ushonaji, na Tumpe akatunga sheria. Usicheke peke yako. Hata ukiwa na watu usicheke sana. Usitazame kitu kimoja kwa muda mrefu. Ukiulizwa jambo, jibu upesi. Usiimbe ukifua. Usiongee na kuku. Hii ya kuku ilinilenga mimi, kwa sababu kwetu kila mtu anaongea na kuku, lakini Tumpe alisema sisi hatuna tena ruhusa ya kufanya mambo ambayo kila mtu anafanya. Nilimkubalia. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba nilimkubalia bila kubisha. Kabla mtu yeyote wa Iringa hajatudharau, tulikuwa tumeshajidharau wenyewe vya kutosha, tena bure.

Tulipanga chumba Mlandege, kwenye nyumba ya udongo yenye ua wa matete, sisi na familia mbili za Wahehe. Kitanda kimoja, jiko la mkaa, dirisha la ubao. Asubuhi wanawake wa nyumba walikusanyika uani kuchambua maharage na kuzungumza kwa Kihehe, nasi tulikuwa ndani tukisikiliza. Kihehe hatukukijua zaidi ya "kamwene" ya kusalimia. Basi kila walichosema ambacho sikukielewa, nilikitafsiri mwenyewe, na kila mara tafsiri ilikuwa moja: wanatusema sisi. Wakicheka, wanatucheka. Wakinyamaza ninapotoka na ndoo, wamenyamaza kwa ajili yangu. Tumpe alikuwa hodari zaidi. Yeye alisikia jina lake hata kwenye kikohozi. Miaka ya baadaye nilifundisha shule moja kule Kilolo nikakijua Kihehe vizuri, nikakumbuka baadhi ya maneno yaliyokuwa yakirudiwarudiwa pale uani. Walikuwa wakimsema mbuzi wa jirani aliyekula mboga zao. Mwezi mzima mimi nilikonda kwa ajili ya mbuzi. Sisemi kwamba hawakuwahi kutusema. Walitusema, binadamu ni binadamu. Lakini hatukuwa na umuhimu huo wote tuliojipa.

Kazi tuliipata kwenye ghala la tumbaku nje kidogo ya mji, msimu wa kuchambua. Majani yaliyokaushwa kwenye mabani, vile vibanda vya joto, yaliletwa kwa marundo, nasi tuliyagawa kwa rangi: ya limau fungu lake, ya chungwa fungu lake, ya kahawia fungu lake, yenye madoa pembeni. Ni kazi ya macho. Mikono inafuata tu. Ghala lilikuwa refu, limeezekwa bati, milango miwili mikubwa ikiachwa wazi ili mwanga uingie, na harufu ya tumbaku ilikuwa tamu siku ya kwanza, siku ya pili kichwa kinauma. Meza yetu tulikuwa watatu, mimi na Tumpe upande mmoja, na upande wa pili dada mmoja aliyeitwa Skola, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Msimamizi alikuwa Mama Kalinga, mama wa makamo, mwembamba, anayetembea kati ya meza akiwa amefunga mikono nyuma. Saa nne ulikuja uji wa ulezi kwenye sufuria kubwa, na vikombe vya bati vilizunguka kutoka mkono hadi mkono.

Kazi ile ilinishinda. Nilikuwa msichana wa kwanza darasani kwetu tangu nianze shule, na sasa nilishindwa kutofautisha limau na chungwa. Nilichanganya mafungu, nilisahau nimefika wapi, mtu akiniambia jambo nilikuwa nasikia mwisho wake tu. "We Subi, mwanangu, macho yako yako wapi?" Mama Kalinga alikuwa akiniuliza, ameshika jani. "Hili la chungwa umetia kwenye limau." "Samahani, mama." "Samahani haina rangi. Tazama jani." Nilijiambia ugonjwa umenimaliza, umekula akili na kuniachia maganda. Tumpe naye alijiambia hivyohivyo. Usiku hatukusema, lakini kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini: kwamba chuoni sitarudi, kwa sababu mwalimu asiyeweza kutazama majani atawezaje kutazama watoto hamsini, na kwamba mchumba wa Mbeya ataoa mke mbovu.

Leo najua akili haikuwa imepungua. Ilikuwa na kazi mbili. Nusu ilikuwa mezani kwenye tumbaku, nusu nyingine nilikuwa nimeiweka ilinde: nimekaaje, nimenyamaza muda gani, Skola ananitazama nini, yule wa meza ya tatu amecheka kwa nini, uso wangu umekaaje sasa hivi. Mpe mtu yeyote mzima kazi hiyo kwa wiki moja, mwambie achambue tumbaku huku anajichungulia kutoka nje, uone kama hatachanganya rangi. Kila nilipokosea niliogopa zaidi, na kila nilipoogopa nililinda zaidi, na jani lilizidi kukosa mtu wa kulitazama. Nimesoma baadaye vitabu vinavyosema watu wa ugonjwa wetu hatuwezi kutulia kwenye jambo moja. Huenda. Mimi nilitulia sana mwaka ule, kutwa kucha, kwenye nyuso za watu.

Ikaja siku ya klorokwini. Homa ilikuwa imewapata wengi waliotoka mashamba ya bondeni, na mganga wa zahanati akaja ghalani saa ya uji na kopo la vidonge. Mama Kalinga akatupanga foleni, wanawake wapatao arobaini, kikombe cha maji kimoja. Kila mtu alimeza vyake, akakunja uso kwa uchungu, akatema mate nje ya mlango, akarudi mezani kwake. Tumpe alikuwa mbele yangu. Akapokea vidonge, akavitupa mdomoni, akanywa maji. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, akafungua mdomo wazi kabisa mbele ya yule mganga, akainua ulimi, akaupeleka kushoto, akaupeleka kulia.

Nilimwona. Niliona kosa lile lote. Halafu mganga akanipa vyangu, nikameza, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimesimama wima, mdomo wazi, ulimi juu, kushoto, kulia. Ndivyo miili yetu ilivyokuwa imefundishwa. Miezi mitatu ya sheria, ya kutokucheka na kutokuimba na kutokusema na kuku, ikaishia hapo, kwa vidonge viwili vya homa ambavyo hata havikuwa vya akili. Ghala zima liligeuka kututazama. Mganga alikuwa ameshikilia kopo hajui afanye nini. Skola, aliyekuwa nyuma yangu, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe nyie ni wale wa wodi ya chini!"

Mama Kalinga akaja, mikono nyuma, taratibu kama anayekagua mafungu. Akainama akachungulia mdomo wa Tumpe, ambaye alikuwa bado hajaufunga. Akachungulia na wangu. "Haya, vimeshuka," akasema. "Fungeni, nzi wataingia." Watu wakacheka, na sikuweza kujua ni kicheko cha namna gani. Skola hakucheka. Alikwenda mezani, akachukua kigoda chake na kikombe chake, akahamia meza ya tatu huku akisema yeye ana watoto nyumbani. Mama Kalinga akamwita: "Skola, ukihama, hama na fungu lako la madoa pia. Usiwaachie wenzako." Hakumsema zaidi ya hapo. Kisha akatugeukia, na hakupunguza sauti, jambo ambalo Tumpe hakumsamehe.

"Marehemu mume wangu nimempa vidonge vya wodi ya chini miaka saba," akasema. "Huo ulimi mnaouinua naujua mimi. Nyie nimewajua tangu siku ya kwanza."

"Tulifanya nini, mama?" nikauliza. Kweli nilitaka kujua ni sheria gani tuliivunja.

"Hamkufanya kitu. Ndiyo hivyo nilivyowajua. Watu wazima wawili wanakaa miezi mitatu hawacheki, hawagombani, hawajikuni hata pua! Yani mnakaa kama watoto wanaongojea kiboko. Nani amewaambia mtapigwa? Uji si tunakunywa wote hapa? Kikombe si kimezunguka?" Akalishika fungu langu la asubuhi, akalichambua kwa kidole, akaguna. "Sasa siri imekwisha. Tazama jani, Subi."

Nililitazama. Sijui nieleze vipi mchana ule bila kuongeza chumvi. Nililia kidogo, nikapenga kamasi kwenye khanga, kisha nikagundua kwamba hakuna cha kulinda tena. Jambo nililokuwa nalingojea limekuja, limepita, na mimi niko palepale na tumbaku mkononi. Nikaona kwamba jani la chungwa lina michirizi ya kijani karibu na mshipa. Lilikuwa nayo siku zote, sikuwahi kuiona. Nikasikia mvua ilipoanza kwenye bati. Nilichambua mafungu yangu hadi kengele, na Mama Kalinga alipopita akageuza majani mawili matatu, akayarudisha kwenye fungu lilelile, akaendelea na safari yake. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha vile.

Sitaki mtu adhani dunia ilinikumbatia. Skola hakurudi mezani kwetu hadi msimu unaisha, na siku moja njiani alimpokonya mwanawe hindi la kuchoma nililompa, akalitupa mtaroni mbele yangu. Niliumia sana. Lakini nilimjua aliyeniumiza: alikuwa mtu mmoja, jina lake Skola, meza ya tatu. Kabla ya hapo walikuwa Iringa nzima. Mtu mmoja unaweza kumkasirikia, ukamnunia, ukamshinda kwa kazi. Nilimnunia vizuri sana.

Tumpe yeye hakupata ahueni hiyo. Jioni ile nilimkuta chumbani anakunja nguo zake, zile mbili, anazikunja na kuzikunjua. "Watu wanajua," akasema. Nikamwambia wamejua tangu mwanzo na uji wametupa. "Wewe ndugu yangu umezoea aibu," akasema. "Mimi nina mtu ananingoja." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia anayemngoja hamngoji yeye, anamngoja fundi cherehani. Hakunisemesha tena hadi asubuhi, stendi ya mabasi, baridi imeshika, tumesimama na sanduku lake kati yetu. Hapo akanishika mikono yote miwili. "Apa, Subi. Tulikuwa kozi ya ushonaji. Hata nikifa. Apa kwa Kyala." Nilitaka kumwambia abaki. Nilitaka kumwambia asiache vidonge. Badala yake, kwa kuwa nilimpenda na kwa kuwa nilijutia maneno yangu ya jana, nikaapa kwa Mungu. Basi likaondoka kwenda Mbeya, naye hakutazama nyuma, kwa sababu hiyo nayo ilikuwa sheria yake.

Mwaka ulipoisha nilikwenda kwa mkuu wa chuo, aliyekuwa mgeni pale na hajui habari zangu. Akaniuliza nimekuwa wapi muda wote huo. Kozi ya ushonaji ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, imepangwa vizuri, na nikaimeza. "Nilikuwa wodi ya chini, mwalimu," nikasema. "Natumia dawa asubuhi na jioni. Tumbaku nimechambua msimu mzima, msimamizi wangu yupo, muulize kama naweza kutazama kitu." Akazungusha kalamu, akasema nitakuwa chini ya uangalizi. Nilimwambia hilo nimelizoea. Nikafundisha miaka thelathini. Niliugua tena mara mbili, nikarudi wodini kwa miguu yangu, na nikarudi darasani. Wapo wazazi waliohamisha watoto wao. Wapo walioniletea watoto wao waliokuwa wanasikia sauti. Kuku naongea nao kila siku.

Tumpe nilimwona mara moja tu baada ya stendi, Mwanjelwa sokoni, amebeba kapu la ndizi, mama mtu mzima amependeza. "Tumpe! Ugonile!" nikaita. Alinitazama moja kwa moja usoni, akageukia viazi vya watu, akamuuliza muuzaji bei. Nilisimama pale na chumvi yangu mkononi. Nilimkasirikia miaka mingi, na hasira hiyo siifichi, lakini mazishini nilipomtazama kwenye jeneza niliona mikunjo miwili kati ya nyusi zake, ileile ya meza ya tumbaku. Alikuwa ameilinda siri ile hadi siku ya mwisho. Nikamlilia kwa uchovu wake.

Baada ya kuzika tulirudi chini ya turubai kula wali na maharage. Nilikuwa nimekaa mkekani karibu na Sekela, binti yake wa mwisho, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo mwenye shingo ya mama yake. Nilikuwa nimemwona tangu asubuhi, jinsi alivyokaa ameunganisha magoti, hainui macho, hakohoi, halii. Nilimtambua kama Mama Kalinga alivyotutambua sisi. Akaja wifi yake na bilauri ya maji na vidonge kwenye kiganja. "Sekela, dawa," akasema kwa sauti ya kusikika. Sekela akatazama huku na huku, akameza. "Fungua." Wanawake wote wakainamia sahani zao. Sekela akafumba macho kwanza, halafu akafungua mdomo, akainua ulimi. Wifi akachungulia, akaridhika, akaenda zake na bilauri.

"Pole, mwanangu," nikamwambia.

"Ni mimi tu kwenye ukoo mzima, mama," akasema bila kufumbua macho. "Mama alikuwa mzima hadi anakufa. Sijui hili nimelitoa wapi."

Nilikumbuka stendi, baridi, mikono miwili ya Tumpe. Nilikumbuka kwamba niliapa kwa Mungu. Kisha nikafungua mkoba wangu, nikatoa vidonge vyangu vya jioni, muda wake ulikuwa bado lakini Mungu anisamehe na hilo pia, nikavimeza kwa chai. "Sekela," nikasema, "nitazame." Akafumbua macho. Nikafungua mdomo wangu wazi, mdomo wa bibi kizee uliopungukiwa meno manne, nikainua ulimi, nikaupeleka kushoto, nikaupeleka kulia.

Alinitazama kwa muda mrefu, kitu kimoja, bila kujali. "Nani alikufundisha kupeleka kushoto na kulia hivyo?"

"Nesi Filomena, Iringa, mwaka wa sabini na tano," nikasema. "Alitufundisha pamoja. Mama yako alikuwa mbele yangu kwenye foleni."

Uso wake ulifanya mambo mengi. Mwisho akauliza, kwa sauti ndogo, "Na ile kozi ya ushonaji?"

"Mwanangu, wewe uliwahi kumwona mama yako anatunga uzi kwenye sindano?"

Akacheka. Kilimtoka bila kumwomba ruhusa, kicheko kikubwa, msibani, mchanga wa kaburi haujakauka, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakaja nacho. Watu wakageuka. Mzee wa kanisa akavua miwani. Wifi akaja mbio na bilauri yake, akisema, "Sekela! Sekela, watu wanakutazama!" Nikamshika Sekela mkono, nikacheka naye kwa nguvu zangu zote, na tulipopata pumzi alimwambia wifi yake, "Waache watazame."